Kamba ya Kuanikia

Msimu ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama,
nami nikapanda na mwenge wa makuti makavu
nikachoma viota vya majimoto, kimoja kimoja:
majani mabichi yaliyoshonwa kwa hariri ya watoto wao
yalilia chwaa, kama samli kikaangoni.

Nilikuwa na haki yangu.
Muulizeni mchumaji yeyote hapa Mtambwe:
uko juu, mkono mmoja tawini, mmoja umeshika kikonyo,
pakacha linakukaba shingo,
na majimoto keshaingia kwapani.
Hapo hupigi dua. Hapo unatukana.

Pishi zilikuwa nyingi. Majamvi hayakutosha,
tukaanika mpaka mlangoni kwa Bikombo.
Nikaezeka bati.

Mwaka wa pili minazi ikaanza kutupa.
Si nazi. Si koroma, si dafu, si hata kitale.
Vidaka,
vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga,
na machozi yaliyogandia shingoni.
Usiku nikilala navisikia: tu.
Kisha kimya.
Kisha tu.
Asaa mke wangu akasema ni kijicho cha bati.
Mie nikasema ni jua.
Tukafukiza ubani,
vidaka vikaanguka ndani ya moshi wake.

Akaja Mize wa Shaame Ngwali,
aliyekwenda kusomea wadudu akarudi na mabuti ya mpira.
Akatandika shuka jeupe chini ya mnazi,
akautikisa ukuti kwa upondo,
akaniita nichungulie:
kidudu chembamba, rangi ya jani lililokufa,
binamu wa kunguni,
ana sindano pahala pa mdomo.
"Huyu ndiye anayekunywa vidaka vyako."
"Katoka wapi?"
"Hajatoka popote. Alikuwepo.
Wewe ulikuwa na askari, ukawachoma,
sasa wauliza nani kaiba."

Sikumjibu. Nilikwenda kutazama bati langu.

Alikaa wiki tatu. Usiku alitundika taa nyuma ya shuka
na mie nikamshikia daftari,
nikiandika majina niliyokuwa nayo:
nondo, dundu, nyenze, chonga,
vunjajungu (huyo sikumgusa, nina vyungu vya watu ndani).
Wengine niliwaandika "mdogo wa kijani", "mwenye masharubu",
"huyu alikuwepo nilipokuwa mdogo".
Kimulimuli tulimngoja mpaka alfajiri.
Bonde la mpunga kule chini lilikuwa likiwaka kwa vimulimuli;
sasa limejazwa fusi, lina viwanja kumi na nne,
na mwanangu ukimtajia kimulimuli
anadhani taa ya gari la wakubwa.

Majimoto walibaki pahala pamoja tu,
kwenye mshokishoki wa Bikombo.
Zamani wangekuja wenyewe, tawi kwa tawi,
mti ukimpa mti mkono.
Lakini barabara imekula mikarafuu sita,
na baina yetu sasa kuna ukuta wa matofali
wa mtu anayeishi Maskati.
Chini kuna chungu weusi wenye vichwa vikubwa,
wao ndio wenye ardhi, hawampishi mgeni.

"Tufunge kamba," akasema Mize.
Kamba ya duka ilikuwa ghali.
Asaa akaenda uani, akaanua kanga zake
hata hazijakauka,
akaifungua kamba ya kuanikia bila kuniangalia.
Tukaifunga mshokishoki kwa mnazi, juu ya ukuta.

Siku ya kwanza, hakuna.
Siku ya pili alikuja mmoja, akafika kati, akarudi.
Bikombo akacheka mpaka akakaa chini.
Siku ya tano nilikuwa nimeiegemea kamba
nikimsikiliza mtu wa viwanja
akinitajia bei ya shamba.

Daftari, ukurasa wa mwisho, hati yangu:
Mnazi wa nne. Wamefika. Saa kumi na dakika ishirini alasiri.
Idadi: sikuwahi kuhesabu.
Nimeumwa kidole na shingo.
Mtu wa viwanja naye kaumwa, kaondoka.
Vidaka vilivyoanguka leo: tisa.